Maswali na majibu: kudhibiti programu kwenye kompyuta za ofisi

Nimeandika kanuni za AppLocker (zana ya Windows inayoamua programu zipi ziruhusiwe kufunguka) kwenye seva, lakini kompyuta za wafanyakazi bado zinafungua kila kitu. Nimekosea wapi?

Kabla hujazifumua kanuni zako, angalia kama huduma iitwayo Application Identity inafanya kazi kwenye kompyuta zenyewe. Ikiwa imezimwa, AppLocker haizuii kitu, hata kanuni ziwe nzuri namna gani. Iwashe kupitia Group Policy (njia ya Windows ya kusambaza sera kwa kompyuta zote za ofisi) ili ijianzishe yenyewe kompyuta inapowaka. Kumbuka pia kwamba sera mpya haifiki papo hapo: kwa kawaida kompyuta huiulizia seva kila baada ya dakika 90, pamoja na nyongeza ya hadi dakika 30, ili zote zisiivamie seva kwa mkupuo. Kama huwezi kungoja, endesha amri ya gpupdate /force.

Nitumie kanuni ya mchapishaji, ya heshi au ya folda?

Mchapishaji kwanza, kila inapowezekana. Saini ya kidijitali ya mtengenezaji huendelea kutambulika toleo linapobadilika, kwa hiyo masasisho hayakuongezei kazi. Heshi, yaani alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ni kali zaidi, lakini faili likibadilika hata kidogo, heshi nayo imebadilika. Programu inayosasishwa kila mwezi itakutoa jasho. Heshi iweke kwa zile programu za zamani zisizo na saini.

Folda ndiyo njia rahisi, na ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kanuni ya aina hii huamini mahali faili lilipo, haijali faili lenyewe ni nini. Ukiruhusu folda ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika ndani yake, atanakili humo chochote na kitafunguka. Hata kanuni za msingi zinazokuja na AppLocker zina mwanya huu: zinaruhusu kila kilichomo kwenye folda ya Windows, ilhali ndani yake kuna vijifolda kama C:\Windows\Temp ambamo mtumiaji wa kawaida anaweza kuweka faili. Vitoe vijifolda hivyo kwenye ruhusa, kimoja kimoja. Niliwahi kukuta ofisi iliyoruhusu folda nzima ya vipakuliwa ili kuwanyamazisha waliolalamika. Hapo udhibiti haukuwepo tena, na nilisikitika, maana msimamizi wake alikuwa amefanya kazi nzuri kwingine kote.

Bosi anataka uzuiaji uanze Jumatatu ijayo. Tutaweza?

Mwombe muda, tena umwombe kwa msisitizo. Anza na hali ya ukaguzi: programu zinafunguka kama kawaida, ila kila ambayo ingezuiwa inaandikwa kwenye kumbukumbu kama tukio namba 8003. (Uzuiaji wenyewe ukiwashwa, namba huwa 8004.) Acha mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna programu ya mishahara au ya ripoti inayofunguliwa mara moja tu, na hiyo ndiyo utakayoisahau. Kisha washa uzuiaji kwa kikundi kidogo, na mtu wa kupokea malalamiko awepo siku hiyo.

Ukiweka kanuni za faili za exe, usiache zile za programu za Microsoft Store. Ukiziacha, programu hizo nazo zitazuiwa.

Wafanyakazi wetu wana haki za msimamizi kwenye kompyuta zao. Kuna shida?

Kubwa. Kanuni za msingi zinaliruhusu kundi la wasimamizi kuendesha kila kitu, na mwenye haki hizo anaweza kuizima hata huduma yenyewe. Waondolee haki hizo kwanza, ndipo urudi kwenye AppLocker.

Tubaki na AppLocker au tuhamie App Control for Business?

AppLocker ilikuja na Windows 7 mwaka 2009, na bado inafaa pale watu wa idara tofauti wanapotumia kompyuta moja, kwa kuwa kanuni zake zinaweza kutofautiana kwa mtumiaji au kikundi. App Control, zana nyingine ya Microsoft ya kudhibiti programu iliyokuwa ikiitwa WDAC, huibana kompyuta nzima, awe nani aliyeingia, na ni ngumu zaidi kuikwepa. Ningeanza nayo kwenye kompyuta zenye kazi moja isiyobadilika, kama za mapokezi. Hizo nyingine zitumie AppLocker mpaka uizoee App Control.