Jibu: Makao ya kupona kwa wagonjwa wa akili, tuanze na kiwanja au na kaunti?

Dada, umeuliza kama kikundi chenu kinachotaka makao ya kupona kwa wagonjwa wa akili kitafute kiwanja kwanza ama kipeleke ombi kwa kaunti: anzeni na bajeti. Majengo ya umma yaliyokaa na kufuli kwa kukosa wafanyakazi twayajua sote.

Sheria iko upande wenu, maana marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazipa kaunti jukumu la huduma hizi. Tazameni kama mradi umo kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023–2027. Mpango wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Mkija Mei na mabango yenu, mmechelewa.

Msijenge wadi ya pili. Anayekuja hapo keshatoka wadi. Ataka chumba cha watu wawili, jiko la kupikia mwenyewe, na mlango usiofungwa kwa nje. Gharama itakayowatoa jasho ni mishahara. Wiki ina saa 168, mtu hufanya kazi kama saa 40, kwa hiyo nafasi moja ya muuguzi usiku na mchana yataka watu watano ukihesabu likizo. Kaunti itawaandikia wawili. Kataeni.

Mahali, mimi ningesema upande wa Port Reitz hapo Mombasa, kwa kuwa kitengo cha afya ya akili kiko pale hospitalini. Likoni mgonjwa akizidiwa usiku mtakuwa mbali nacho.

Majirani waiteni barazani kabla ya kibao kusimama, na wanaougua waseme wenyewe.