Kuuza nyumba yenye vyumba vya uani, Kisauni, Mombasa

Dada yangu, umeuliza nyumba yenu ya Kisauni muitangaze vipi, ndani vyumba vitatu na uani viwili vyenye choo chao, na wateja wanaona kama ploti ya kupangisha. Mi naona mnaita wateja sio. Hiyo ni nyumba ya mtu alo na mamake mzee, ama kijana wake ameoa juzi na kodi ya kwengine hawezi, kwa hivyo usiseme "vyumba vitano" ukanyamaza, sema huyo mama mzee atalala bila kupanda ngazi, choo kiko karibu, na wageni wake wanapita mlango wa uani bila kukatiza sebuleni kwa mkwe. Huo mlango ndo kitu, manake watu wanataka kukaa pamoja lakini kila mtu na stara yake. Toa yale makorokoro, weka kitanda na mkeka mtu aone kwa macho, na kama uani kuna mita yake ya stima mwambie, ugomvi wa tokeni tunaujua.

Lakini kabla ya dalali, kama ni nyumba bila shamba, yaani nyumba ni yenu lakini ardhi ni ya mwengine, usimfiche mtu wallahi, bei yake ni nyengine kabisa. Mumeo naye lazima aridhie kwa maandishi. Kodi ya serikali kwa faida mnayopata mkiuza ni 15% tangu 2023, ila mkiwa mmeishi humo wenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza mnasamehewa, mwambieni wakili mapema.