Kauri, Mitungi na Vigae: Maswali Yenu Yajibiwa

Waliouliza bei: safu hii haitaji bei. Msitume picha tena. Kwa waliouliza mengine, haya hapa.

Bakuli letu la kurithi lina herufi sita za Kichina kitakoni, na tumeambiwa zinataja enzi ya Chenghua. Ni kweli lina zaidi ya miaka 500? (Msomaji, Lamu)

Herufi si cheti cha kuzaliwa. Chenghua, mfalme wa Uchina, alitawala kuanzia 1465 hadi 1487, lakini wafinyanzi wa enzi ya Kangxi (1662–1722) waliandika jina lake kwa kuziheshimu kazi za zamani, na viwanda vya leo huliandika kwa kuwahurumia wateja. Acha maandishi, tazama udongo. Geuza bakuli uangalie ukingo wa kitako, pale palipoachwa bila utando wa kioo. Kauri hasa ni nyeupe na ngumu, wala haifyonzi tone la maji. Vyombo vya kijani vya Longquan, Uchina, ambavyo vilifika kwetu kwa wingi karne ya 14 na 15, ukingo wake mara nyingi umebabuka rangi ya kutu. Ukiona udongo wa manjano, mwororo, chini ya utando mzito wa samawati-kijani, hapo Uchina haihusiki kabisa: hiyo ni mitungi ya Iraki na Ghuba ya Uajemi, ya karne ya 8 hadi ya 10. Na bakuli la mistari na maua yaliyogongwa kwa sifongo huenda limetoka Maastricht, Uholanzi, karne ya 19. Haya yalijaa Unguja na pwani yote. Si aibu kuwa nalo.

Shuleni tulisoma kwamba kauri za Kichina zililetwa Afrika Mashariki na meli za Zheng He, amiri wa Uchina. Mbona makumbusho hayaelezi hivyo?

Kwa sababu si hivyo, na swali hili limechosha. Safari za Zheng He zilikuwa kati ya 1405 na 1433. Vigae, yaani vipande vya vyombo, vya Changsha, Uchina, vilivyofukuliwa katika visiwa vya Lamu ni vya karne ya 9. Vyombo hivi vilipita mikono mingi, vikishushwa na kupakiwa upya Siraf, baadaye Hormuz, zote za Uajemi, kisha Aden na bandari za Gujarat, India. Bakuli la Kichina la enzi ya Ming kukutwa Gedi, mji wa kale karibu na Malindi, ni ushahidi wa biashara. Si ushahidi kwamba Mchina alifika Gedi.

Wavuvi wa kwetu wameopoa mtungi mkubwa baharini, umejaa tope na chaza. Tuusafishe kwa nini?

Msiusafishe. Afadhali mngeuacha ulipokuwa, mkaweka alama mahali pale na kutoa taarifa. Kwa kuwa umeshatoka, usikauke. Utieni ndani ya pipa la maji yale yale ya bahari, kivulini, na tope la ndani libaki humo humo. Ndani yake hupatikana mbegu, miba ya samaki, hata lami ya kuzibia mtungi usivuje.

Sababu ni chumvi. Udongo umeinywa kwa mamia ya miaka. Ukianika mtungi, maji yanatoka na chumvi inabaki, inaganda kuwa fuwele chini ya utando, fuwele zinapanuka na utando unabanduka maganda kwa maganda. Haitokei siku ya kwanza. Hutokea baada ya miezi, mtungi ukiwa umeshawekwa sebuleni. Mtaalamu huanza na maji ya bahari, akaja nusu kwa nusu, kisha maji matupu yasiyo na chumvi, akiyabadilisha mara kwa mara huku akipima chumvi kwa kifaa mpaka kipimo kisipande tena. Ni kazi ya miezi. Vyombo vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus 1697 na kufukuliwa kuanzia 1977, vingekuwa vumbi leo bila kazi ya namna hiyo.

Ila chungu cha kufinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni uwanjani kisilowekwe hovyo. Moto wake ulikuwa mdogo na kinaweza kumeguka majini.

Na sheria ipo. Kenya kuna ya 2006, Tanzania kuna ya 1964, ambayo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuuza bila kibali ni kosa, hata kama aliyeopoa ni mjomba wako.

Sahani imevunjika vipande vitano. Supagluu itafaa?

Haifai. Inashika kwa sekunde, basi ukikosea huwezi kurudi nyuma, na ikizeeka inaachia ghafla. Makumbusho hutumia gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, gramu 50 za chembe kwa gramu 50 za asetoni. Faida yake ni kwamba kesho asetoni hiyo hiyo itaifungua. Panga kwanza vipande vikavu, vipe namba kwa penseli, kisha gundisha kuanzia kitakoni kuelekea mdomoni, chombo kikiegemea mchangani. Kiungo cha kwanza kikipinda kidogo tu, kipande cha mwisho hakitaingia. Hapo ndipo watu huchukua tupa, na tupa haina msamaha.

Kwa nini makumbusho yasing'oe mabakuli yaliyobaki kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui kabla hayajaibiwa?

Yaliwekwa chokaa ikiwa mbichi. Ukilitindua bakuli unapata vipande. Hata likitoka zima, limepoteza nusu ya habari yake. Linatueleza kwamba kaburi si la zamani kuliko bakuli, basi. Huenda lilikaa miaka mia kwenye zidaka la nyumba kabla ya kupelekwa makaburini. Weka mlinzi, usilete patasi.

Vyungu vyeusi vya masizi vinatafuta nini kwenye kabati la makumbusho pembeni ya kauri?

Ndivyo vyenye mengi ya kusema. Kwenye miji ya kale ya Waswahili vigae vya kigeni kwa kawaida havifiki 10 kwa kila 100. Vilivyosalia ni kazi ya wafinyanzi wa hapa. Chungu chenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, ambacho kazi za Felix Chami, mwanaakiolojia wa Tanzania, zimekieleza sana, hukutwa kutoka Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na bara pia. Hiyo ndiyo ramani ya watu. Masizi yasisuguliwe: udongo umefyonza mafuta ya vyakula, na maabara hutambua kama kilipikiwa samaki au nyama. Mtu aliyekisugua kwa brashi ya waya amefuta jiko zima.

Naweza kuweka achari kwenye bakuli la bibi?

Usiweke. Utando wa zamani mara nyingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu, na ndimu na ukwaju huitoa. Liwe pambo.

Sahani ya kijani hupasuka ikitiwa chakula chenye sumu?

Hapana. Masultani waliamini hivyo. Wewe tafuta mpishi mwaminifu.

Nivae glovu za pamba ninaposhika vyombo hivi?

Zinateleza. Vua pete na saa, nawa, kausha mikono, toa kifuniko kwanza, kisha mkono mmoja chini ya kitako na mwingine ubavuni. Usinyanyue kwa mdomo wala mkono wa chombo, maana mara nyingi ndipo palipoungwa zamani.