Shakwe wa Entebbe mwezi Januari

Ndugu, nimekuelewa: una siku moja tu ya Januari hapo Entebbe, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda, na unataka kumtambua shakwe mgeni wa kaskazini kati ya wenyeji. Anza alfajiri katika ghuba ya Lutembe, eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu 2006, ambako buabua, ndege wa jamii ya shakwe, hukusanyika kwa maelfu majira hayo. Kisha nenda kwenye mwalo ambapo wavuvi hutupa matumbo ya samaki, na harufu utaizoea. Shakwe mwenyeji ana mgongo wa kijivu na mdomo mwekundu, ilhali mgeni aliyekomaa ni mkubwa zaidi, mwenye mgongo unaokaribia weusi na miguu ya njano. Wachanga wake wenye rangi ya kahawia huwasumbua hata wazoefu. Usipande mtumbwi bila jaketi okozi na mwongozaji mwenyeji, na ukikanyaga maji kisha ukapata homa, mwone daktari upimwe kichocho pamoja na malaria.