Moto wa nyika kuvuka hadi kwenye mikorosho, Bagamoyo
Ndugu, umeuliza kwa nini moto uliruka barabara ya moto (ukanda uliofyekwa ili kuuzuia moto) yenye upana wa mita 2 ukaingia kwenye mikorosho. Mita 2 ni njia ya miguu tu hiyo! Nyasi zikifika kifuani, upepo huzilaza ndimi za moto zikavuka. Fyeka mita 6 hadi 10, kisha palilia kwa jembe mpaka udongo mtupu uonekane. Mashina ya nyasi kavu yakibaki, moto hutambaa humo humo. Nyasi ulizofyeka usizirundike mpakani. Chini ya mikorosho ondoa majani makavu, kata matawi yanayogusa ardhi. Jirani anayesafisha shamba kwa moto aitaarifu kwanza serikali ya kijiji, achome asubuhi kabla upepo wa bahari haujashika, awe na watu wenye matawi mabichi na madumu ya maji, asiondoke mpaka jivu lipoe.