Tuzo ya Helava na makala ya ramani za droni

Mkuu, umeuliza fomu ya tuzo ya Helava inapatikana wapi, na kama makala yako ya droni ina nafasi. Usihangaike na fomu. Makala ichapishwe kwanza, kwa Kiingereza, kwenye jarida la ISPRS, shirika la kimataifa la upimaji kwa picha. Majaji huchagua makala bora ya kila mwaka, kisha bora ya miaka 4 hutuzwa kwenye kongamano la shirika hilo. Tuzo ilianzishwa 1998 kumuenzi Uuno Helava, Mfini aliyebuni mwaka 1957, akiwa Kanada, mashine ya kuchora ramani kutoka picha za angani kwa msaada wa kompyuta.

Sasa kazi yenyewe. Lile kosa la sentimita 2 la ramani yako ulilotaja limepimwa kwenye vituo vilevile vya udhibiti, yaani alama za ardhini zilizopimwa mahali pake, ulivyoipa programu ijirekebishe navyo. Halithibitishi kitu. Tenga vituo vya ukaguzi ambavyo programu haivijui kabisa. Kiwango cha ASPRS, chama cha Marekani cha upimaji kwa picha, cha 2023 kinataka visipungue 30. Kosa la kimo liandike peke yake, maana ndilo hujificha ndani ya wastani.

Halafu umesema picha zote zilitazama chini wima, mistari sambamba. Hapo programu hukosea upotoshaji wa lenzi na uso wa ardhi hutuna katikati kama sahani iliyofunikwa. Chora makosa ya kimo kwenye ramani: yakiwa na alama moja (ya kujumlisha au ya kutoa) katikati na kinyume chake pembeni, ndiyo hiyo. Ongeza picha za mshazari, nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima, na uweke vituo vya udhibiti katikati pia.

Ila shamba moja na programu ya dukani ni ripoti nzuri tu. Majaji wanatafuta mbinu mpya, iliyojaribiwa kwenye data huria ili wengine wairudie.