Nauli ya Boti Jilipie Mwenyewe

Juzi kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliyeanza kutuma habari redioni, aliniuliza wanasiasa walikuwa wakinibana vipi katika kazi hii ya habari. Alitarajia visa vya vitisho. Nikamwambia ukweli: mimi nilipatikana kwa kiti cha boti.

Boti ya abiria ya kwenda Faza, kisiwani Pate, hungoja maji yajae ipite mkondo wa Mkanda, na siku nyengine unafika shughuli imekwisha. Boti ya mheshimiwa ina nafasi, na chai na mahamri juu yake. Nikapanda, naenda kutangaza uzinduzi wa bomba la maji. Hotuba ikatolewa, makofi yakapigwa. Bibi mmoja akanishika mkono hadi kwenye bomba jengine, lililozinduliwa mwaka uliotangulia, akalifungua. Likapumua hewa, likadondosha kutu, basi. Nikamrekodi: "Waambie huko, hili halijatoa maji tangu mulipoondoka."

Tukirudi, msaidizi wa mheshimiwa akaniinamia kwa upole: "Ya yule bibi si lazima, ama?" Nikaona haya, mahamri yake yangali tumboni. Nikamkata bibi.

Sisi tuliokulia enzi za Sauti ya Kenya, redio ya serikali, tulizoea kila taarifa ya habari kuanza na Mtukufu Rais. Mwaka 1989 jina lake likawa KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoandika wazi, Kifungu cha 34, kwamba vyombo vya habari vya serikali vijiamulie cha kutangaza, visipendelee upande, na vitoe nafasi kwa maoni ya wanaopinga. Kisome mpaka ukijue kwa moyo, kitakufaa siku utakapopigiwa simu na mkubwa. Lakini mimi sikupigiwa simu.

Kwa hivyo nauli jilipie, hata ikibidi uende jana yake ulale kwa watu. Mwambie mhariri mapema kwamba nauli ni gharama ya habari kama betri za kinasa sauti. Ukikosa kabisa ukapanda boti ya kiongozi, litaje hilo ndani ya taarifa yako. Na sauti ya mwananchi itangulize, kwa sababu dakika zikipungua mhariri hukata mwisho.

Nilirudi Faza baada ya wiki tatu, kwa boti ya abiria. Bibi alinikaribisha barazani, akaniuliza kama nimekuja na kinasa. Kisha akaenda kulifungua tena lile bomba, na sauti ya ile hewa ndiyo niliyofungulia taarifa.